Salamu za Fundi

Mjukuu wangu alipoletwa kwangu Akheri, chini ya Mlima Meru, nilimdanganya. Naanza na hilo kabla ya kitu kingine, maana nikiliacha mwisho nitaonekana nalificha. Mama yake, binti yangu wa pili, alikuwa amekufa na tulikuwa tumeshamzika. Mimi nikamwambia mtoto kwamba mama yake amekwenda Ulaya.

Uongo wenyewe ulikuwa na mahali pa kushika. Binti yangu alifanya kazi Nairobi, nyumbani kwa familia moja ya Wazungu, akipika, akifua na kuwaangalia watoto wao. Mume wake, mtu wa Kilimanjaro, alikuwa dereva huko huko, akafa mtoto akiwa bado anatambaa. Kwa hiyo mtoto alikulia katika ile nyumba, akicheza na watoto wa wenye nyumba, na alipokuja kwangu na miaka yake minane, Kiingereza kilimtoka mdomoni kama maji ya mfereji. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, nikawa nacheka peke yangu jikoni. Kimeru hakujua hata kuitikia salamu. Basi nikamwambia kwamba wale Wazungu wamerudi kwao, wamemchukua mama yake akawasaidie, atakaa huko kidogo, atarudi. Alinitazama usoni. Akauliza kama huko kuna baridi. Nikasema ipo.

Ugonjwa uliomchukua binti yangu ni ule ambao watu wa miaka ile waliutaja kwa kuinamisha sauti, au hawakuutaja kabisa, wakasema kifua, wakasema malaria iliyopanda kichwani. Alirudi kwangu amekwisha. Mtoto alikuwa ameshatangulia mjini Arusha kwa mjomba wake tangu hali ilipoanza kuwa mbaya, asione. Wakwe zangu wakaja na gari kuchukua maiti, wakamzika kwao Kilimanjaro, kando ya mume wake, kama inavyotakiwa. Baada ya mazishi wazee wa pande zote mbili walikaa wakauliza mtoto ataambiwa nini. Mimi ndiye niliyesema asiambiwe. Hakuna aliyenipinga, maana kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mtoto mdogo hapelekwi kwenye maiti wala haambiwi. Anaambiwa fulani amesafiri, kisha anakua, na siku moja anakuta anajua.

Mimi mwenyewe kifo cha baba yangu nilikijua hivyo. Nilikuwa nachunga mbuzi, nikagombana na msichana mwenzangu kwa ajili ya fimbo, akaniambia, "Wewe huna hata baba, baba yako alishazikwa." Nilimpiga mpaka akatoka damu. Nilirudi nyumbani sikuuliza mtu. Ungefikiri mtu aliyepita hapo angejua asifanye nini. Sikujua. Nilifanya kile kile nilichofanyiwa, na nilijiona mwenye huruma.

Mtoto alipokaa kwangu mwezi wa kwanza hakusema. Si kwamba alikuwa na kiburi. Alisalimia, "Shikamoo bibi," asubuhi na jioni, akafanya alichoambiwa, akakaa. Chakula alikidonoa kama kuku mgonjwa. Nilimpikia ndizi za kila namna, nikampikia loshoro, mahindi yaliyopikwa laini na maziwa ya mgando, chakula ambacho watoto wangu walikuwa wanagombania ukoko wake chunguni. Alikula vijiko vitatu akasema ameshiba. Nilianza kuogopa kwamba na huyu ataondoka.

Mwanangu wa kiume, yule mjomba mtu, alikuwa anauza vipuri vya magari mjini. Ilikuwa miaka ya soko huria, mipaka imefunguliwa, na kila kilichokuwa kinasikika kwa jina sasa kilikuwa kinaonekana dukani. Siku moja alikuja na televisheni nyuma ya pikapu, imefungwa kwenye blanketi. Nilimwambia mimi sihitaji sanduku la kelele. Akasema, "Si yako, mama. Ni ya mtoto. Kule Nairobi alizoea." Akasimamisha antena juu ya bomba refu nje ya dirisha, akalizungusha na kulizungusha, mimi ndani napiga kelele bado, bado, hapo, umepitiliza. Vituo vya kwetu vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza, na mlima ulitukinga. Kilichokuja vizuri ni kituo kimoja cha upande wa Kenya, kila kitu Kiingereza. Nikafuma kitambaa cha kuifunika, cheupe chenye maua, na nikasema haifunuliwi siku ya Jumapili kabla ya ibada kuisha.

Ndipo tukaipata ile meli.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Picha haikuwa na rangi. Mwanangu alisema mchezo wenyewe ulitengenezwa yeye akiwa bado hajazaliwa, huko kwao wameshauchoka ndiyo maana wanawaletea majirani zetu. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kigoda anaangalia, mimi nachambua maharage, siangalii. Nikaona watu wamesimama ndani ya kitu kama bohari, milango inafunguka yenyewe, taa zinawaka kila mahali, nje ya dirisha ni giza na nyota. Nikauliza, "Hawa wako wapi?"

Akasema, "Wako angani, bibi. Jua lao limezimika. Wanatafuta pa kukaa."

Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizonipa tangu aje. Niliweka ungo chini.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, maana vijana wa siku hizi hawaujui mchezo ule. Dunia yao ilikuwa imepoa kama chungu kilichoepuliwa. Wachache wakapanda meli inayoruka, na kila Jumamosi wanashuka kwenye nyota nyingine kuuliza kama kuna nafasi. Wengine wanawafukuza, wengine wanawakaribisha kisha wanataka kuwafanya watumwa, wengine si watu kabisa, ni kama ukungu unaosema. Mawe ya huko yalikuwa yanatikisika mtu akiyaegemea, hata mimi niliona ni maboksi. Lakini nikiwa msichana serikali ya wakoloni ilitutoa kwenye ardhi yetu upande wa Ngarenanyuki. Walichoma nyumba tunaangalia. Tulizunguka mlima na vyungu kichwani tukiuliza kama kuna nafasi. Kwa hiyo hayo maboksi hayakunisumbua. Mtu mwenye mzigo mkononi anayeuliza pa kulala, huyo sihitaji Kiingereza kumwelewa.

Lakini maneno nilikuwa siyapati. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, nikaachishwa nilee wadogo zangu. Biblia naisoma kwa kidole. Basi mtoto akawa mdomo wangu. Alikuwa anakaa kwenye kigoda katikati yangu na televisheni, amegeuka nusu, jicho moja kule, jicho moja kwangu, ananieleza kwa sauti ya chini. Wakati mwingine mtu angehutubia mpaka mishipa ya shingo inasimama, na mtoto angeniambia tu, "Anakataa, bibi." Wakati mwingine mtu angesema neno moja, naye akaeleza mpaka nikasahau tulipokuwa. Nikamwambia hicho Kiingereza chao hakina kipimo.

Na mimi nilikuwa na maswali yangu. Wanapika wapi? Hakuna jiko. Mbona hakuna aliyebeba hata mbuzi mmoja? Utaanzaje nchi mpya bila mbuzi? Na hao wanaume kumi na kitu waliofungiwa humo miezi na miezi, wanajisaidia wapi? Hilo la mwisho lilimshinda. Alicheka, akajaribu kujizuia, akateleza kwenye kigoda akakaa sakafuni, anacheka, machozi yanamtoka. Sikuwa nimewahi kumwona meno yake yote. Jioni ile alikula sahani nzima ya loshoro akaomba nyingine, nami nikaenda zizini nikalia.

Zizini ndipo nilipokuwa nalilia. Nilikuwa na ng'ombe wawili, na wakati wa kukamua mtu anaweza kuegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe akamaliza shida yake, hakuna wa kumuuliza. Kwa ajili ya ile meli nilisogeza hata saa ya kukamua. Ng'ombe wakanichukia, maziwa yakapungua, sikujali.

Katika meli kulikuwa na mwanamke mmoja. Jina lake sikuweza kulitamka, nikamwita Fundi. Wenzake walivaa nguo za kubana wakasimama wakitoa maoni. Yeye alijifunga kitambaa kichwani, mikono ina grisi mpaka kwenye kiwiko, na meli ikigoma ni yeye anayeingia chini kwenye mitambo. Nahodha, mzee mmoja mwenye ndevu, alikuwa anafoka, Fundi anamjibu neno moja tu bila kuinua kichwa. Nilimpenda kama mtoto wangu. Nilipokuwa namenya kahawa kwa mashine yangu ya mkono nilikuwa najisemea, Fundi angeitengeneza hii mashine tusingehangaika. Mtoto alijua ninavyompenda. Fundi akitokea tu, alikuwa ananigusa goti.

Hapo katikati ndipo nilipoongeza uongo wangu. Miezi ya baridi ilikuwa imekaribia, na Akheri baridi ya mwezi wa saba inaingia mpaka kwenye mifupa. Nilikwenda gulioni Tengeru, kwenye mitumba, nguo za Ulaya zimemwagwa chini kwenye maturubai, wanawake tumeinama tunachambua. Nikapata sweta la buluu, zito, zima kabisa, saizi ya mtoto. Nikalifua, nikalianika nyuma ya zizi asilione, nikalikunja ndani ya karatasi ya kaki. Jioni nikamwambia, "Mama yako amekutumia hili. Limeletwa na mtu."

Akalipokea kwa mikono miwili.

Nikaona nisiishie hapo. Nikasema, "Na anakusalimia. Anasema usome kwa bidii. Anasema ule ushibe. Anasema usimsumbue bibi."

Akasema, "Asante, bibi." Hakusema asante mama. Niliona hilo, lakini nililipita. Akalivaa, akalivua, akaliangalia ndani. Kesho yake aliniomba mkasi, akasema kuna uzi unamwasha shingoni. Nikampa. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Baada ya hapo nikawa naleta salamu kila baada ya wiki kadhaa: mtu kapita na barua imebaki mjini kwa mjomba, mtu kapiga simu dukani. Salamu zilikuwa zile zile, maana sikuwa hodari wa kubuni. Usome, ule ushibe, usimsumbue bibi.

Wiki chache baada ya sweta, Fundi aliondoka.

Nakumbuka vizuri. Kulikuwa na mlango wa nje wa meli uliokwama. Fundi akatoka kwenda kuufunga kutoka upande wa pili, moshi ukajaa, watu wanagonga kioo. Kisha nikaona wamesimama mstari, wameinamisha vichwa, nahodha amevua kofia. Nikauliza, "Wanasali?"

Mtoto alinitazama kwanza. Akasema, "Wanamuaga, bibi. Fundi amebaki kwenye ile nyota. Wale watu mitambo yao imeharibika, wamemwomba awasaidie. Atawafuata."

"Atawafuata na nini?"

"Watampa meli nyingine."

Nilinung'unika kwamba huo ni ujinga, unawezaje kumwacha mtu wa maana kuliko wote ukabaki na wapiga domo. Lakini nilikubali. Jumamosi zilizofuata nilikuwa nauliza kila mara, vipi Fundi, amefika wapi. Na mtoto hakukosa jibu. Nahodha akishika glavu ya Fundi akaitazama, mtoto anasema, "Fundi ametuma salamu." Nauliza anasemaje. "Anasema wafanye kazi kwa bidii. Anasema wale washibe. Anasema wasigombane na nahodha." Nami nikatikisa kichwa nikasema huyo ndiye mwanamke mwenye akili. Nilikaa pale kwenye kiti changu, mtu mzima, mzee wa kanisa, nasikia maneno yangu mwenyewe, na sikuyatambua.

Aliyenifumbua macho ni mpangaji wangu. Chumba cha nje nilikuwa nimempangisha mwalimu mmoja, msichana kutoka Kilimanjaro, aliyekuwa anafundisha shule ya msingi ya Kiingereza iliyofunguliwa karibu na Tengeru, hiyo hiyo aliyosoma mjukuu wangu. Kila Ijumaa alikuwa anakwenda kwao, kwa hiyo meli alikuwa hajawahi kuiona. Jumamosi ile alibaki kwa sababu ya kusahihisha mitihani. Nikamkaribisha chai sebuleni. Upepo ulikuwa mkali, picha imejaa chenga, mtoto akatoka nje kuzungusha bomba la antena. Mimi nikamsimulia mwalimu habari zote ili asipotee. Nikamwambia hapo wanamsubiri Fundi, ndiyo maana wamenuna.

Mwalimu alikuwa anasikiliza kule. Akasema, "Fundi ni yule mwanamke wa mitambo?"

Nikasema ndiyo.

"Mbona wanasema ni marehemu, bibi? Hapa wanamchagua mtu wa kushika kazi yake. Wanasema moshi ulimuua mlangoni."

Nikamwuliza kama amesikia vizuri. Akasema amesikia vizuri, na sasa hivi nahodha amerudia.

Nje mtoto akaita, "Imekaa, bibi?"

Nilikuwa bado namtazama mwalimu. Akaita tena. Nikasema, "Imekaa. Njoo."

Akaingia, mikono ina kutu ya bomba, akaifuta kwenye sweta lake la buluu, akakaa kwenye kigoda. Akatazama kidogo. Watu wa meli walikuwa wanasema kwa huzuni, mmoja analia waziwazi. Mtoto akageuka nusu kama kawaida yake.

"Fundi anasema atachelewa kidogo," akasema. "Anasema msiwe na wasiwasi. Mle mshibe."

Mwalimu akafungua mdomo. Nikaweka mkono wangu juu ya goti lake nikambana mpaka akaufunga. Nikamwambia mtoto, "Haya. Atakapokuja atakuja." Sauti ilitoka, sijui ilitoka wapi. Tukaangalia mpaka mwisho, wote watatu, na chai yangu ilipoa sikuigusa.

Jumapili nzima nilishindwa. Kanisani niliimba sikujua naimba nini. Mimi ni mtu wa kusema. Nimewahi kumwambia mchungaji mbele ya watu kwamba mahubiri yake ni marefu kuliko maana yake. Lakini siku ile nilimzunguka mtoto wa miaka tisa kama mwizi anavyozunguka nyumba. Nilikuwa naogopa jambo moja tu: kwamba nikitoa lile neno, atarudi kule alikokuwa mwezi wa kwanza, kwenye vijiko vitatu na kunyamaza, na safari hii hakutakuwa na meli ya kumtoa.

Jumatatu alirudi kutoka shule nikiwa kwenye mashine ya kumenya kahawa. Ilikuwa kazi yetu ya pamoja: mimi nazungusha mkono wa mashine, yeye anamwaga maji juu ya kahawa nyekundu kwa kopo, maganda yanatoka huku, buni huku. Tulimaliza debe moja. Nikaona nikisubiri lingine nitasubiri mpaka nife. Nikaacha kuzungusha.

"Mama yako hayuko Ulaya," nikasema. "Mama yako amekufa."

Alikuwa ameinua kopo. Akamwaga yale maji taratibu mpaka yakaisha.

"Najua, bibi."

Nikamwuliza nani amemwambia. Nilikuwa tayari kwenda kupigana na huyo mtu. Akasema hakuna. Akasema lile sweta lilikuwa na kitambaa kidogo kimeshonewa ndani ya kola, kina jina la msichana mwingine na jina la shule yake. Mimi nilikuwa nimelifua lile sweta kwa mikono yangu, nikakiona kile kitambaa, nikadhani ni alama ya kiwanda. Sikukisoma. Vile vijiherufi vya Kiingereza ningevisoma vipi.

"Mama angekitoa," akasema. "Mama anajua kushona. Asingenitumia jina la mtu."

"Ndiyo maana uliomba mkasi."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

Akatazama kahawa. "Ulikuwa umeshalifua," akasema. Halafu akasema, "Na ulikuwa unalia kwa ng'ombe. Nilikuwa nasikia."

Nikamwuliza kuhusu Fundi. Akasema alijua nampenda. Alifikiri nikisikia amekufa nitalia tena, na sitataka kuangalia, na televisheni nitairudisha kwa mjomba.

Nilikuwa na maneno mdomoni, yale ya kikubwa, kwamba mtoto hamdanganyi mtu mzima. Nashukuru Mungu sikuyatoa. Miezi yote ile nilidhani mimi ndiye ninayembeba, kumbe alikuwa amenibeba mgongoni, na wala hakulalamika kuhusu uzito. Nikakaa chini pale pale kwenye majani yaliyolowa. Yeye akabaki amesimama. Hakulia. Nililia mimi, bila ng'ombe, mchana kweupe, na yeye akachukua mkono wa mashine akaanza kuuzungusha mwenyewe kwa mikono miwili, taratibu, maana debe la pili lilikuwa halijamenywa.

Jioni aliuliza swali moja tu. Alizikwa wapi. Nikamwambia. Akauliza kama anaweza kwenda. Nikasema atakwenda.

Haikuwa rahisi. Mwanangu alisema, "Mama, wazee walikubaliana." Nikamwambia waliokubaliana walinifuata mimi, basi wanifuate tena. Wakwe walituma neno kwamba mtoto bado mdogo, atapata ndoto mbaya. Nikawajibu kwamba ndoto anazo tayari, tofauti ni kwamba anaziota peke yake. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo nilimwambia mtoto anirudishe nyuma, anieleze Fundi alikufaje, kwa yale waliyosema wenyewe. Akasimama mbele ya televisheni iliyofunikwa kitambaa akanieleza yote: mlango, moshi, alichosema Fundi kupitia kioo, alichojibu nahodha. Alisema maneno ya Fundi kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, ili nisiseme ameongeza. Nilimlilia Fundi kama nilivyotakiwa kumlilia tangu mwanzo, na ilikuwa afadhali.

Shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili, Wachaga wote wanaporudi kwao, na sisi tukaenda. Mkwe wangu, mama wa marehemu mkwe wangu wa kiume, alitupokea vizuri. Ni mtu mgumu kama mimi, hatukuwahi kupendana sana, lakini alimshika mtoto kichwa muda mrefu. Makaburi yako nyuma ya nyumba, ndani ya migomba, mawili, yamejengewa kwa saruji. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, yale ya mlimani yasiyolowesha haraka. Mkwe akatuacha akaenda kuangalia ndizi jikoni.

Mtoto alisoma maandishi kwenye saruji. Akayasoma kwa sauti, nami ndipo nikajua yanasema nini. Akapitisha kidole kwenye jina la mama yake, kila herufi. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kaburi la baba yake, akageukia upande wangu.

"Sasa nieleze," akasema. "Kama mimi ninavyokueleza wewe. Usiruke."

Nikamwambia ni habari ya kuumiza.

"Usiruke, bibi."

Nikaanza na siku aliyoshuka mama yake kwenye basi, kituo cha Maji ya Chai, na jinsi nilivyompita nikimtafuta, kwa sababu sikumjua. Nikamweleza habari ya vidonda vya mdomoni. Nikamweleza uji aliokuwa anaukataa, na kwamba siku moja nilimgombeza kwa kuukataa, na kwamba hilo ndilo linaloniamsha. Nikamweleza kwamba mama yake alikuwa anamuuliza yeye kila asubuhi, anauliza kama amekula, na kwamba hizo salamu zilikuwa za kweli, ila mimi nilizibeba nikaziweka mahali pa uongo. Nikamweleza jina alilokuwa anamwita akiwa usingizini. Mtoto alikuwa anasikiliza bila kupepesa macho, akiuliza mara moja moja: nani alikuwepo, ilikuwa saa ngapi, alikuwa amevaa nini.

Mkwe wangu aliita chakula. Akaita mara ya pili, karibu zaidi, nikamwona amesimama kati ya migomba na mwiko mkononi, amelowa. Nikashika goti nijiinue, nikamwambia mtoto twende, bibi yako wa huku ametupikia, tutamalizia baadaye.

Hakusogea. Alikuwa analia sasa, mwishowe, mdomo wazi, kama watoto wanavyolia.

"Bado hujafika alipokufa," akasema.

Nikakaa tena. Mkwe akasogea akaja akakaa upande wa pili wa mtoto, mwiko wake magotini. Nikaendelea.